Vitu vya mtoto mchanga: nilivyovitumia kila siku na ambavyo nisingenunua tena

Habari zenu wapendwa, karibuni. Kama mnavyoona, leo meza imejaa. Fungu hili la kulia ni vitu ambavyo vimepita mikononi mwangu kila siku tangu mtoto wetu wa pili azaliwe, wiki saba zilizopita. Hili la kushoto ni vitu tulivyonunua wenyewe au kuletewa zawadi, na vingine humo nitawaomba msivinunue kabisa. Nawalenga hasa mama kijacho na akina baba mnaosubiri siku ifike, mna orodha ndefu ya dukani mkononi na hamjui mpunguze nini.

Kipimo changu ni kimoja tu. Saa tisa usiku, taa imefifia, mtoto analia na mkono mmoja umembeba: je, kitu hiki kinanisaidia au kinanichelewesha?

Tuanze na nguo. Ngoja nisogeze kamera. Hii ni rompa ya kawaida, yenye vifungo vya kubonyeza katikati ya miguu. Tazameni mabegani. Mnaona kitambaa cha mbele na cha nyuma kimepishana kama mdomo wa bahasha? Mtoto wa kwanza nilimvalisha hizi miezi mingi bila kujua mkunjo huu una kazi gani, mpaka mkunga mmoja akanionyesha. Kinyesi cha mtoto anayenyonya ni chepesi, na kuna siku kitatoka kwenye nepi na kupanda mgongoni hadi karibu na shingo. Ukivua nguo kwa kuipitisha kichwani, umempaka usoni na nywele zote. Sasa tazameni kwa huyu mdoli. Nashika bega hili, nashika na hili, navuta kwenda chini. Imepita mikononi, imepita kiunoni, inatokea miguuni. Uso haukuguswa. Kwa hiyo ukichagua rompa, angalia mabega kwanza kabla hujaangalia maua na vikaragosi vya kifuani.

Nguo ya kulalia, chukua yenye zipu inayofunguka kutoka chini pia. Hii hapa ina vifungo, nimevihesabu: kumi na kimoja. Usiku wa manane unavibana vyote, unafika mwisho unagundua umeruka kimoja, na mtoto kifua wazi muda wote huo. Hii ya zipu unafungua miguu tu, kifua kinabaki kimefunikwa na joto lake halipotei. Na hakikisha juu kabisa, penye kidevu, kuna kipande cha kitambaa kinachofunika ncha ya zipu ili isimchune. Za ukubwa mdogo kabisa nunua chache, zinambana mapema. Glavu zimekaa tu. Ukucha ukiwa mrefu, ukate akiwa amelala.

Nepi. Mtoto mchanga hutumia nane, kumi, hata kumi na mbili kwa siku, lakini bado nasema usijaze kabati nepi za saizi ndogo, kwa sababu saizi hufuata uzito na uzito wa mtoto anayenyonya vizuri hauchelewi kupanda. Ninazozipenda mimi zina mambo mawili. La kwanza, zimekatwa hapa mbele ili zisiguse kitovu. Kitovu kinatakiwa kiwe kisafi na kikavu, kipate hewa, na mara nyingi hudondoka chenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Msikivute, na msikipake kitu chochote ambacho mhudumu wa afya hakuwaambia. Pakizunguka wekundu, pakivimba au pakitoa harufu mbaya, mpelekeni hospitali. La pili ni huu mstari unaobadilika rangi nepi ikilowa. Mwanzoni niliuona kama urembo, kumbe ndiyo njia rahisi ya kujua kama maziwa yanamtosha: kuanzia kama siku ya tano, mtoto aliyeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Tulibandika karatasi ukutani, kila nepi alama. Usiku ule nilipokuwa nalia kwamba sina maziwa, mume wangu alinisomea alama za ile karatasi, nikatulia.

Waipsi, vile vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia, chagua zisizo na manukato. Pamba na maji ya uvuguvugu vinafanya kazi ileile. Krimu yenye zinki oksaidi, kopo moja, kwa ajili ya upele wa nepi. Poda nimeiweka kushoto, na hapo sina mjadala: vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya mtoto anapovuta pumzi, na ngozi yake haiihitaji.

Sasa hiki ndicho kitu nilichokuja kukizungumzia hasa. Kipimajoto. Kingekuwa cha kwanza kwenye orodha yangu, kabla hata ya beseni.

Huyu mdogo alipokuwa na wiki tatu, jioni moja alinyonya kidogo akalala. Nikamgusa paji la uso, mkono wangu ukaniambia ana joto la kawaida la mtoto aliyefunikwa. Nikampunguzia nguo, nikasubiri kidogo, nikampima kwa kujiridhisha tu. 38.3. Sikumpa dawa yoyote, sikungoja kupambazuke. Hospitali walimpima, wakakuta maambukizi ya njia ya mkojo, akatibiwa, na leo mnamsikia anavyoguna hapo nyuma. Shikeni namba hii: mtoto ambaye hajatimiza miezi mitatu akifika nyuzi joto 38 au zaidi, ni hospitali, saa hiyohiyo. Na kushuka ni hatari pia. Chini ya 36.5 ameanza kupoa: mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo, mvalishe kofia, kisha umpime tena. Asipopata joto, au akiwa mlegevu na hataki kunyonya, hospitali.

Nina viwili hapa. Hiki cha kuelekeza kwenye paji la uso ni chepesi, hata hamwamshi, lakini jasho, kofia aliyovuliwa sasa hivi au jua la dirishani vinaweza kukidanganya. Nakitumia kuchungulia tu. Hiki kidogo cha dijitali, chenye ncha inayopinda, ndicho ninachokiamini. Unaweka ncha katikati kabisa ya kwapa, unakandamiza mkono wake taratibu ubavuni, unasubiri kilie. Mkiwa na uwezo wa kununua kimoja, nunueni hiki. Na mjifunze kukitumia kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu usiku wa wasiwasi si wakati wa kusoma maelekezo.

Fungu la kushoto sasa. Mto wa mtoto, ukingo wa sponji unaozungushwa kitandani, blanketi nene lenye manyoya, na hiki kitanda cha mteremko. Ni vizuri kwa macho, nakubali, na walionipa walinipa kwa upendo. Lakini mtoto mchanga hana nguvu ya kugeuza kichwa pua ikizibwa, na kwenye mteremko kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Marekani ilipiga marufuku kuuza kingo hizi na vitanda vya mteremko kwa sheria ya mwaka 2022. Anachohitaji ni godoro gumu, lililo bapa, shuka iliyobana vizuri, basi. Alazwe chali, kila anapolala, mchana na usiku. Wengi wanaogopa kwamba akilala chali atapaliwa akicheua. Mtoto mzima wa afya humeza au hutema mwenyewe. Kampeni ya kulaza watoto chali ilipoanza Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana miaka iliyofuata. Kama mnatumia chandarua, kifungwe kisining'inie karibu na uso wake.

Mbeleko, ndiyo, ninayo na naipenda. Uso wake uonekane wakati wote, kidevu kisigusane na kifua, na kichwa chake kiwe karibu kiasi cha kuweza kumbusu. Kumbeba kifuani si kudekeza. Madaktari wa Bogotá, Kolombia, walianza mwaka 1978 kuwaweka watoto njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwatunzia joto hazikutosha, na leo njia hiyo inatumika duniani kote. Baba naye ana kifua. Wetu humtuliza huyu ndani ya dakika chache tu.

Vya kulishia, nasema haraka. Kama ananyonya, usikimbilie chupa wala pampu. Subiri uone kama utavihitaji. Ukivitumia, vioshwe na kuchemshwa kila mara. Maji ya kunywa hapewi mpaka miezi sita, hata kukiwa na joto.

Namalizia na vitu ambavyo orodha za maduka huvisahau, vya mama. Pedi kubwa za uzazi, pakiti zaidi ya moja, maana damu hutoka kwa wiki kadhaa. Ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, usijikaze, nenda hospitali. Sidiria mbili za kunyonyeshea zinazofunguka kwa mkono mmoja. Na hii chupa ya maji yenye mrija. Mtoto akishika titi tu, kiu inakuja papo hapo, na huwezi kuinuka. Inakaa hapa, upande wa mkono ulio huru, na kila jioni kabla ya kulala mume wangu huijaza.