Siku nne za ubao wa tanga Bagamoyo: mwalimu hodari, ratiba isiyojua bamvua

Mwishoni mwa Januari mimi na mdogo wangu wa kike tulifunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ambako kituo kimoja cha mapumziko kilichopo ufukweni kilikuwa kimetangaza likizo ya siku nne kwa watu ambao hawajawahi kabisa kupanda ubao baharini: siku mbili za ubao wa tanga, yaani ule mchezo uitwao windisafingi, na siku mbili za kuteleza juu ya mawimbi. Tulilipa shilingi 720,000 kila mmoja, zikiwamo gharama za malazi, kifungua kinywa, chakula cha usiku na masomo ya saa mbili kila siku. Jina la kituo nitaliacha, kwa sababu mengi ya yaliyotukera yanaweza kurekebishwa ndani ya wiki moja, na sioni haja ya kuwaharibia watu riziki yao.

Nianze na ratiba, kwa kuwa ndiyo iliyotugharimu zaidi. Karatasi iliyobandikwa mapokezi ilisema kwamba somo huanza saa tatu asubuhi kila siku. Ijumaa tuliyoanza ilikuwa siku ya mwezi mpevu, na saa tatu kamili tulikuwa tumesimama ufukweni na jaketi okozi zetu tukiitazama bahari ikituacha. Yeyote aliyekulia pwani hii anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji huwa ya bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana, na kwamba katika bamvua upande wetu huu bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kimo cha maji kati ya kujaa na kupwa kinaweza kutofautiana kwa mita tatu na zaidi, na kwa kuwa chini ya bahari ya Bagamoyo pana mteremko mdogo sana, mita hizo tatu hugeuka kuwa mwendo mrefu wa mchanga mtupu. Ubao wa kujifunzia si mwepesi. Una ujazo wa lita 200 hivi, upana unaokaribia mita moja, na chini yake upo upanga unaouzuia usiende upande, ambao huukwaruza mchanga maji yakiwa hayajafika kiunoni. Tuliubeba watu wanne tukiyafuata maji. Tulimpita mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini mwa mashua yake akishona nyavu, tukamwamkia. "Marahaba, wanangu," alijibu, kisha akautazama ubao. "Na huo leo mnakwenda kuupanda au kuulimia?"

Somo la siku ile likaishia kuwa la nchi kavu. Tulipolalamika, msimamizi alikubali, bila ubishi, kuhamishia masomo yaliyobaki saa nane mchana, wakati maji yanapopanda na upepo wa kaskazi umekwisha kushika. Hapo ndipo nilipoanza kuona thamani ya fedha yangu. Pwani ya Bagamoyo ina kina kidogo kiasi kwamba meli kubwa hazikuweza kuikaribia, jambo lililochangia Wajerumani kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891. Lakini kina hichohicho ni neema kwa anayejifunza, kwa sababu kila nilipoanguka, na nilianguka mara nyingi kuliko nilivyohesabu, miguu yangu iligusa mchanga na maji yakaishia kifuani. Isitoshe, kaskazi hapa huvuma kutoka baharini kuja nchi kavu, hivyo asiyejua kuugeuza ubao hurudishwa ufukweni badala ya kusukumwa kuelekea Unguja.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mzaliwa wa palepale, na juu yake nina maneno mengi mazuri. Siku ya kwanza alitufundisha kwa kufuata karatasi ya kituo, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza pekee na imejaa maneno ambayo hata yeye aliyatamka kwa kusitasita. Hatukuambulia kitu. Siku ya pili, tukiwa ndani ya maji, aliiacha karatasi na kuanza kuzungumza kama mtu aliyekulia kwenye ngalawa ya babu yake. "Dada, mkono wako wa nyuma ndiyo demani," aliniambia, yaani kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga. "Ukiuvuta, umevuta demani, tanga linashika upepo. Ukizidiwa, ilegeze, usiiachie yote." Ubao huu hauna usukani, unaelekezwa kwa kulilaza tanga. Kwa hiyo akaendelea: lilaze nyuma kuelekea tezi, ubao utapanda joshi, kule upepo unakotoka, lilaze mbele kuelekea omo, utashuka na upepo. Sikuwahi kuendesha chombo maishani mwangu, lakini maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na ghafla mwili ukaelewa kile ambacho karatasi ilikuwa imeshindwa kukieleza kwa saa mbili.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuliinua tanga kutoka majini. Unasimama katikati ya ubao, miguu ikiwa pande zote mbili za mlingoti na mgongo ukiwa umeuelekea upepo, kisha unavuta kamba nene yenye mafundo. Tanga langu lilikuwa dogo, la mita nne za mraba tu, lakini maji yaliyolilalia yalilifanya lionekane kama gunia la mkaa lililolowana. Mwalimu alisimama kando, maji yakimfika tumboni, akirudia neno moja, "Subiri, subiri," kwa maana ukivuta kwa pupa mgongo unaumia na tanga halitoki, ilhali ukiegemea nyuma kwa uzito wako na kusubiri, maji hujimwaga yenyewe ukingoni mwa tanga, na kitu kizima huinuka kwa wepesi unaoweza kukuangusha chali. Kufikia Jumamosi jioni nilikuwa na malengelenge manne kwenye viganja, na nilikuwa nimekwenda, kwa makadirio yangu, mwendo wa mita hamsini bila kuanguka. Jumapili alitufundisha kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kugeuka huku na huku. Mdogo wangu, ambaye kwa kubisha kwa maneno hana mshindani katika ukoo wetu, alianguka kila alipojaribu kugeuka.

Kuhusu vifaa sitakuwa mpole. Mchezo huu si wa kale. Hoyle Schweitzer na Jim Drake waliuombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, huko California mwaka 1968, na uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Siri yake yote ni kiungo kilicho chini ya mlingoti, ambacho hupinda kila upande na kumwezesha mtu kulilaza tanga atakavyo. Katika ubao niliopewa mimi, kiungo hicho kilikuwa kimepasuka na kuzungushiwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kilishikilia hadi mwisho, nakiri, lakini kiungo kikikatika mtu hubaki na ubao mkononi na tanga likielea peke yake, jambo ambalo si la mzaha hata kwenye maji ya kifuani.

Hakuna aliyetuuliza kama tunajua kuogelea mpaka siku ya pili. Boti ya uokoaji ipo, ya faiba na yenye injini, lakini Jumamosi upepo uliponipeleka katikati ya mashua zilizotia nanga karibu na soko la samaki, nahodha wake alikuwa amekwenda kutafuta petroli. Mwalimu, aliyekuwa peke yake na wanafunzi watano, aliwaacha wenzangu na kuogelea kunifuata, huku wavuvi wawili wakiusukuma ubao wangu kwa upondo usigonge ubavu wa chombo chao. Walicheka, nami nilicheka, lakini wanafunzi watano kwa mwalimu mmoja ni wengi mno.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya tangazo, ile ya kuteleza juu ya mawimbi. Kwa maoni yangu ingefutwa kabisa. Wimbi linaloweza kumbeba mtu aliyesimama kwenye ubao hutoka mbali, huzaliwa na dhoruba za bahari kuu na kusafiri siku nyingi kabla ya kuvunjika pwani. Bagamoyo imekaa nyuma ya kisiwa cha Unguja, na nguvu kubwa ya mawimbi hayo huishia upande wa mashariki wa kisiwa. Yanayofika huku ni mawimbi mafupi yanayosukumwa na upepo wa mlango bahari, yaliyobanana, ya kimo cha magoti. Jumatatu tulipewa mbao laini za futi nane, tukalala kifudifudi na kusukumwa na mwalimu kwa mikono, kwa kuwa wimbi lenyewe halikuwa na uwezo huo. Nilisimama mara tatu, kila mara kwa muda wa kutosha kusema bismillahi. Watoto wa pale hufanya hivyohivyo kwa vipande vya mbao bila kumlipa mtu. Katika siku mbili zilizotengewa mawimbi, hiyo ya Jumatatu tu ndiyo tuliyoitumia. Ya Jumapili tuliomba ibadilishwe iwe ya ubao wa tanga, na hatukujutia.

Vyumba ni safi na vyandarua havina matundu. Chakula ni kizuri, hasa mchuzi wa pweza. Kwa akina mama ambao wangependa kujua, mavazi hayakuwa tatizo: tulivaa suruali ndefu za kubana na fulana za mikono mirefu, ambazo pia hukinga jua, na hakuna aliyetugeuzia shingo. Viatu vya mpira mje navyo wenyewe. Vya kituo ni vya miguu mikubwa.

Nilipokuwa nikisubiri gari Jumatatu jioni nilimuuliza msimamizi kwa nini wamekazana na saa tatu asubuhi, akanijibu kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo na kwamba wageni wengi hawalalamiki. Nikahesabu kwa vidole. Wiki moja baada ya mwezi mpevu huwa ni maji mafu, na katika maji mafu bahari hujaa mnamo saa nne asubuhi, tena haiendi mbali hata ikipwa. Mgeni wa wiki ile akishuka saa tatu huyakuta maji mlangoni. Maana yake ratiba hiyo husema kweli wiki moja na kudanganya wiki inayofuata, na picha ya tangazo, yenye maji ya buluu hadi kwenye ngazi za kituo, bila shaka ilipigwa katika wiki ya kweli. Tumekwisha kuweka nafasi ya Februari, katika maji mafu, kwa sharti la kulipia ubao wa tanga peke yake na kupewa kiungo kipya.