Kongowea hadi Biashara Street kwa miguu: njia za Mombasa nazipa sita kwa kumi

Nauza leso Biashara Street, na nyumbani ni Kongowea. Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa matatu kama wengine, hamsini kukiwa kukavu, themanini likidondoka tone moja la mvua, mpaka nikachoka kubishana na makanga kila asubuhi, nikaanza kwenda kwa miguu. Navuka Daraja la Nyali, nashika Buxton, napita Abdel Nasser, natokea Digo Road. Ni dakika arubaini na ushei kwa mwendo wangu wa buibui na mkoba begani. Basi haya ni maoni yangu kuhusu huduma ambayo wengi hatuihesabu kuwa huduma: vijia vya pembeni ya barabara, miti yake na taa zake. Kodi yetu imo humo, kwa hiyo tuvitie alama kama tunavyotia alama simu na hoteli.

Siku hizi usafiri usiochafua hewa ukitajwa, watu hufikiria pikipiki za umeme. Ni sawa, nami nitazifikia. Lakini simama pale Buxton saa moja asubuhi utazame ni nani anayepita. Hamali na mkokoteni wake wa mitungi ya maji, watoto wa shule, wapishi wa hoteli, vibarua wa mjengo, mama aliyebeba beseni la mahamri. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na wengi wetu gari tunaliona likipita tu. Hawa hawahitaji kushawishiwa waache petroli. Wanahitaji vitu viwili: kabro nzuri chini, yaani yale matofali ya kutandaza njia, na kivuli juu. Kwa joto la Mombasa, kivuli ndicho kinachoamua kama mtu atatembea au atasimamisha tuktuk, na hapo ndipo naona mipango mingi inapokosea shabaha.

Nianzie darajani. Daraja la Nyali, hili tulilonalo tangu 1980, lina njia ya miguu pembeni, na asubuhi linapendeza kweli. Upepo wa kusi unakupiga ubavuni, maji ya mkondo wa Tudor yako chini, ngalawa moja mbili zinarudi. Hakuna mti, na hapawezi kuwa na mti, lakini upepo unafidia. Saa nane mchana ni hadithi nyingine, nyuma ya shingo panaungua. Kero yangu kubwa darajani ni bodaboda zinazopanda njia ya miguu foleni ikikaza. Zamani ulisikia mngurumo ukajibana kwenye ukuta. Sasa zimeingia hizi za umeme, na kwa kweli nazipenda: hazitoi moshi, hazipigi kelele chini ya dirisha usiku, na umeme wa Kenya sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo si kuhamisha moshi kutoka barabarani kwenda kwenye bomba la kiwanda. Ila ikiwa nyuma yako kwenye njia ya miguu, husikii kitu. Unashtukia kioo cha pembeni kimegusa mkoba. Kijana mmoja aliniambia, "Samahani dada, honi imekufa." Nikamwambia honi si dawa, dawa ni wewe kushuka humu. Alicheka, lakini alishuka.

Ukitoka darajani unaingia katika suala la nani mwenye barabara. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi hivi: barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Kutekeleza sera za mazingira, pamoja na misitu na uhifadhi wa udongo na maji, nako ni kwa kaunti. Kwenye karatasi yaeleweka. Kwa mguu, ni hivi: unatembea hatua mia mbili kwenye kabro safi, kisha ghafla vumbi, mtaro ulio wazi na nguzo katikati ya njia, kisha kabro tena. Mwenye gari hajui kwamba amevuka mpaka wa mamlaka mbili. Mwenye ndara anajua.

Kuna mahali kwenye njia yangu walikuja watu wakachimba kupitisha mabomba, wakafukia, wakarudisha kabro juu juu. Mvua ya kwanza tu ikatitia, pakawa bonde la maji machafu linalokufanya ushuke barabarani upishane na matatu. Nilikwenda kwenye ofisi moja kueleza. Nikaelekezwa nyingine. Ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza, kwa upole kabisa na kiti nikapewa. Mwishowe waliojaza kokoto pale ni vijana wa kuosha magari, kwa sababu wateja wao walikuwa wanalalamika.

Sasa niseme mazuri, maana yapo. Sehemu zenye kabro zimebadilisha maisha yangu wakati wa masika. Lami ikijaa inakuwa mto. Kwenye kabro sehemu ya maji hunywea kati ya matofali, na matope hayapandi mpaka kwenye upindo wa buibui. Taa nazo zimesaidia. Pale penye mulika mwizi, zile taa kubwa za nguzo ndefu, natembea saa moja na nusu usiku bila kugeuka nyuma kila hatua, na mwanamke yeyote anajua hilo lina thamani gani. Zikizimika wiki moja, nami narudi kwenye matatu wiki hiyo hiyo.

Kisha kuna miarobaini. Sijui ni mipango ya nani ya zamani, lakini aliyeipanda mitaa ya kati ya mji huu alijua jua. Kwenye bustani ya Treasury Square, na kwenye vipande vya barabara ambako miti ya zamani imesalia, unaingia chini ya mwarobaini na mwili unapumua papo hapo. Hauna kiu sana, haukauki wakati wa kaskazi, na chini yake daima kuna uhai: muuza kahawa na dele lake, fundi wa viatu, wazee na bao. Mkungu nao ni mzuri, matawi yake yanatanda kama mwavuli, ingawa kungu zikianguka watoto wanageuza njia kuwa uwanja wa vita.

Linganisha na miti inayopendwa kwenye miradi ya kupendezesha mji. Mitende ya mapambo, na ile miti myembamba iliyonyooka kwenda juu, majani yameshuka yakakumbatia shina. Kwenye picha inatoka vizuri. Mchana kivuli chake ni upana wa mtu mmoja, na mtu huyo awe mwembamba. Kama shabaha ni watu watembee, basi mti upimwe kwa kivuli chake saa saba mchana, si kwa unyoofu wake. Wengine watasema mwarobaini unapasua kabro kwa mizizi. Ni kweli, ukipandwa kwenye tundu la futi mbili na saruji ikamiminwa mpaka shingoni. Mizizi itakwenda wapi? Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe, udongo wenyewe ni kidogo. Lakini tusiambiwe kwamba mwamba hauoti mti. Kule Bamburi, mwaka 1971, René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki jiwe tupu na maji ya chumvi. Jongoo wakaletwa kula majani makavu na kuyageuza udongo, na leo ni msitu ambao wageni hulipa kuuona. Hiyo ni kaunti hii hii.

Kwenye njia yangu kuna mche mmoja wa mwarobaini ambao nimeufuatilia. Ulipandwa kwenye tundu la mraba katikati ya kabro, ukawekewa wavu wa chuma, kibao kikafungwa. Kibao kiliondoka kwanza. Kisha mbuzi wa mtaa wakagundua kwamba wakisimama kwa miguu ya nyuma wanaifikia ncha. Mzee wa duka la vipuri lililo mkabala akafunga gunia kuzunguka wavu, na kila asubuhi baada ya kudeki anamimina ndoo pale. Nilimuuliza, "Shikamoo baba, mti huu wako?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Waliopanda ni wengine. Mimi nataka kiti changu kihamie nje." Sasa mche umempita kimo. Mwenzake, hatua kumi mbele, mbele ya duka lililofungwa, ni kijiti.

Tatizo hapa ni kalenda. Novemba 13, 2023 ilikuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, na lengo la nchi ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Novemba inaweza kufaa bara. Pwani mvua yetu ya kutegemewa ni masika, Aprili hadi Juni. Ukipanda kwenye vuli, mche unapata wiki chache za mvua, kisha kaskazi na jua la Januari mpaka Machi. Bila mtu wa ndoo, umekwisha. Laiti kila mti wa barabarani ungepewa duka la kuutunza, na duka lipunguziwe kidogo kwenye ada ya leseni, tungeona tofauti. Kunguru tu ndio watakaofaidi zaidi yetu. Hao waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wale taka, wakatuvamia na sisi, na ukikaa chini ya mti wao saa kumi na mbili jioni na buibui jeusi utajuta.

Mikoko inapandwa pia, na hapo nina ubishi. Mjomba wangu alikuwa mkata boriti, kwa hiyo tulilelewa tukijua kwamba si kila mti wa maji ya chumvi ni mkoko. Mlilana unakaa mbele kabisa baharini, mkoko unafuata, mkandaa na muia nyuma yake, mchu ukavumilia pale pagumu karibu na nchi kavu. Mara nyingi naona picha za watu wenye fulana mpya wakichomeka mbegu za mkoko popote penye matope, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu na rahisi kushika. Ziwekwe mahali pake. Kilichonifurahisha zaidi upande wa maji ni Makupa: lile tuta la zamani la barabara lililokuwa limeziba mkondo limeondolewa, na tangu 2022 kuna daraja, maji yanapita kati ya Tudor na upande wa Port Reitz. Na Kibarani, aliyepita pale kabla jaa la taka halijafungwa anakumbuka jinsi abiria wote walivyofunga madirisha kwa pamoja bila kuambiana. Leo ni nyasi na miti.

Bustani ya Mama Ngina, ile ya ufukweni, sina haja ya kuisifu, kila mtu anaijua. Mibuyu, upepo, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu. Tangu ikarabatiwe 2019 njia zake za miguu ndizo bora kabisa Mombasa. Ila ni njia za kuzunguka, hazikupeleki kazini. Kuna vioja hapo: watu hupanda tuktuk kwenda kutembea.

Kwa nini sita, basi? Kabro na taa zilipo, nzuri. Miti ya zamani, nzuri mno. Nne zilizobaki nimezikata kwa sababu ya vipande kukatikakatika, bodaboda juu ya njia, na miche inayopandwa na kuachwa. Siku nitakapotoka Buxton mpaka Posta bila kushuka barabarani hata mara moja, naongeza mbili.

Kwa anayetaka kujaribu: toka nyumbani kabla ya saa moja, daraja ulivuke jua likiwa bado chini. Vaa viatu vyenye soli, ndara ziache kwenye mkoba. Chupa ya maji ijaze nyumbani. Ukifika Digo Road asubuhi, shika upande wa Marikiti na Mji wa Kale, maana majengo yanakulinda na jua la mashariki. Jioni hamia upande wa pili, na pale penye kabro iliyotitia karibu na waosha magari pita kwa nje, kokoto zimeanza kutoka.