Mbolea ya unga 17-5-24 kwa hibiskasi za kwenye vyungu: naipa nyota nne

Hii mbolea ya unga ya kuyeyusha kwenye maji nimeitumia kwa hibiskasi zangu za vyungu muda wa kutosha sasa, na naona niandike maana maswali ya watu ni yale yale kila siku, mmea umejaa majani ya kijani ila ua hakuna, au vitumba vinatoka vizuri halafu vinadondoka kabla havijafunguka. Brandi siitaji, fomula ya hivi inatengenezwa na kampuni kibao, we angalia tu namba tatu zilizoandikwa kwenye pakiti. Yangu ni 17-5-24.

Namba ya kwanza naitrojeni, ya katikati fosforasi, ya mwisho potasiamu. Sasa zile chupa za "mbolea ya maua" zenye picha ya maua kedekede, nyingi utakuta namba kubwa ni ya katikati, 10-30-20, 15-30-15, hivyo hivyo. Kwa hibiskasi hiyo ni kinyume kabisa. Inataka potasiamu nyingi, naitrojeni ya wastani, fosforasi kidogo tu. Fosforasi ikizidi kwenye chungu inajikusanya mle mle, mmea unashindwa kunyonya chuma, na hapo majani machanga yanaanza kuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani. Mwenye mmea akiona njano anadhani una njaa, anaongeza ile ile, yaani anachochea kuni kwenye moto anaotaka kuuzima.

Kwahiyo hii nimeipenda kwanza kwa hizo namba, pili ina chuma, magnesiamu na manganizi ndani yake, sio zile tatu za mwanzo (NPK) peke yake. Majani mapya yanatoka na rangi ya kueleweka na vitumba vinakuja mfululizo kwenye vichipukizi vipya. Na huo mfululizo ndo kila kitu kwa huu mmea, maana ua lenyewe la hibiskasi kwa kawaida ni la siku moja, asubuhi limefunguka, kesho yake limejikunja limeanguka (chotara zingine zinafika siku mbili au tatu), kwahiyo ukiona maua chini usianze kulaumu mbolea, angalia kama kuna vitumba vingine nyuma yake.

Kipimo kilichoandikwa mi sikifuati. Pakiti inasema kijiko kizima cha chai kwa lita 4 za maji kila wiki mbili, mi naweka nusu kijiko kwa lita hizo hizo kila wiki, kidogo kidogo ila bila kukatisha wakati mmea unakua. Udongo wa chungu ni mchache na kila ukimwagilia virutubisho vinatoka na maji chini. Na usiweke kwenye udongo mkavu hata siku moja, mwagilia maji matupu kwanza, la sivyo ile chumvi inaunguza mizizi na utaona ncha za majani zimekauka zimekuwa kahawia. Mara moja kwa mwezi hivi pitisha maji matupu mengi mpaka yatoke chini ya kutosha, yaoshe chumvi iliyobaki.

Ila jamani mbolea haichanui mmea ulioko kivulini. Hibiskasi inataka jua la moja kwa moja kama masaa 6 kwa siku au zaidi, chini ya hapo utalisha majani tu. Nimeona watu wanaipa hii kitu nyota moja halafu kwenye picha chungu kiko kwenye kona ya sebule, asee. Wengine wamepogoa mmea wote jana leo wanataka maua, wakati maua yanatoka kwenye matawi mapya na baada ya kupogoa unaweza kusubiri miezi miwili mpaka mitatu, inategemea aina. Chungu nacho kisiwe kikubwa kupita kiasi, udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji muda mrefu na mizizi inaoza.

Vitumba kudondoka ni kesi nyingine na hapa mbolea mara nyingi haihusiki. Kama chungu kilikauka kabisa siku moja tu vinaweza kuanguka, joto likizidi nyuzi 35 hivi vinaanguka, ukihamisha mmea ghafla kutoka sehemu moja kwenda nyingine pia. Ila kama maji unaweka na jua lipo, okota kitumba kilichodondoka ukipasue. Ukikuta vifunza vidogo sana vya njano au vyeupe ndani, huyo ni mdudu anayetaga mayai kwenye vitumba vichanga, na mtoto wake akishakula anashuka kwenye udongo kujigeuza halafu mzunguko unaanza upya. Dawa ya kwanza ni kuokota kila kilichoanguka na vile vilivyoanza kuwa njano mtini, unafunga kwenye mfuko wa plastiki unatupa mbali, usiache hata kimoja juu ya udongo. Ukipasua hukuti kitu, kung'uta vitumba juu ya karatasi nyeupe, ukiona vidudu vyembamba kama mchirizi wa kalamu vinatembea ni vithiripi, wadudu wadogo wanaofyonza vitumba mpaka vinadondoka.

Majani yakiwa na vidoadoa na utando mwembamba kwa chini ni utitiri, piga maji kwa nguvu chini ya majani kila baada ya siku chache, sabuni laini ya maji ikibidi, jioni sio kwenye jua kali. Na naitrojeni ikizidi machipukizi yanakuwa laini sana na vidukari wanajaa, sababu nyingine ya kutozidisha kipimo.

Kipindi cha baridi nyuzi zikikaribia 10 mmea unasimama, mi napunguza sana mbolea hapo mpaka uanze tena kuchipua.

Nyota moja nimeikata kwenye pakiti. Mfuko hauna zipu na huu unga unavuta unyevu vibaya mno, ukiuacha wazi kidogo umeshakuwa jiwe na kupima na kijiko haiwezekani tena, halafu kijiko chenyewe hawaweki, na ile rangi yake ya bluu ikidondoka kwenye sakafu nyeupe utasugua mpaka uchoke. Ukifika nayo tu hamishia kwenye kopo kavu lenye kifuniko kinachobana, na andika namba juu ya kopo maana zikishatoka kwenye mifuko yake mbolea zote za bluu zinafanana. Wakianza kuiuza kwenye kopo naongeza hiyo nyota ya tano.