Uzoefu wangu: nilivyolifuatilia jina Sykes kwa tovuti ya FreeBMD, kutoka Kariakoo hadi Huddersfield

Binti yangu ana miaka tisa na jina lake la mwisho ni Sykes. Kalipata kwa baba yake, mzaliwa wa Huddersfield, kaskazini ya Uingereza. Desemba iliyopita tulikwenda Dar es Salaam kumsalimia mama yangu, na siku moja tukiwa Kariakoo tukapita Mtaa wa Kleist Sykes, ule ambao wazee bado wanauita Kipata. Mtoto aliposikia jina la mtaa akasimama palepale, mikokoteni inapita huku na huku, akaniuliza, "Mama, hawa ni ndugu zetu?"

Barazani alikuwa amekaa mzee mmoja. Mtoto akamwamkia. "Marahaba mjukuu wangu, waitwa nani?" Akataja jina lake lote. Mzee akanigeukia mimi: "Wa akina Sykes hawahawa wetu?" Nikabaki nimetahayari. Nimeolewa katika ukoo huu miaka kumi na mbili, na sikuwa na neno la kumjibu mzee wala la kumjibu mwanangu.

Tuliporudi Uingereza nikaanza kutafuta. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao watoto wao wana majina ya upande wa huku, kwa sababu swali hili litawafika tu, na kuna njia nzuri ya kulijibu na kuna njia ya kupoteza pesa.

Nianze na pesa. Lipo duka la mtandaoni, silitaji, linalouza "historia ya jina la ukoo" iliyochapwa kwenye karatasi nene ambayo kingo zake zimebabuliwa ili ionekane ya kale. Unaandika jina, unalipa, mzigo unakuja ndani ya bomba. Mimi nililipa pauni 35. Juu ilikuwa na ngao ya rangi, yaani nembo ya heshima ya kurithiwa, chini aya tatu za maneno makubwa kuhusu ushujaa. Nikampa baba mkwe siku yake ya kuzaliwa. Akavaa miwani, akaisoma yote taratibu, kisha akaniuliza kwa upole, "Ngao hii alipewa nani?" Nikaitazama tena. Aya zile hazikumtaja mtu, wala mwaka, wala kijiji.

Baadaye nikasoma utaratibu wenyewe. Ngao za England na Wales husimamiwa na College of Arms ya London, taasisi ya tangu 1484, na ngao hupewa mtu, kisha ikarithiwa na uzao wake halali kwa upande wa kiume. Jina halina ngao. Watu wawili wanaweza kuwa Sykes wote wawili, mmoja ana haki ya ngao na mwenzake hana. Iliniuma sana, kwa sababu baba mkwe aliingia kiwanda cha sufu akiwa kijana, kama baba yake, kama babu yake. Alistahili habari za watu hao, si ngao ya mtu asiyemjua.

Mama mkwe ndiye aliyenionyesha FreeBMD. Ni tovuti ya bure. Hujisajili, hulipi. Tangu 1998 watu wa kujitolea wamekuwa wakinakili faharasa za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales, mstari kwa mstari. Usajili wa serikali huko ulianza tarehe 1 Julai 1837, kwa hiyo robo mwaka ya kwanza kabisa utakayoikuta ni ile ya Septemba 1837, yaani Julai hadi Septemba.

Sura yake ni ya kizamani, fomu tupu na visanduku. Isikuvunje moyo. Siku ya kwanza niliandika Sykes peke yake, nikaambiwa majibu yamepita kiwango cha kuonyeshwa kwa mkupuo mmoja, ambacho ni 3,000. Hilo lenyewe likanifundisha kitu: hili si jina la watu wachache. Nikachagua wilaya ya usajili ya Huddersfield, nikaweka miaka mitano tu, nikaanza kupata watu.

Kila jibu lina mstari mfupi: jina, wilaya, juzuu, ukurasa. Juzuu ya Huddersfield hadi 1851 ni 22, na kuanzia 1852 ni 9a. Ukishaizoea hiyo 9a, macho huiona kabla ya jina. Pembeni pana kialama cha miwani. Ukikibonyeza unaweza kufika kwenye picha ya ukurasa wa faharasa. Hapo ndipo nilipokaa hadi saa saba za usiku. Kurasa za miaka ya 1840 zimeandikwa kwa mkono, na ile S ya karani imejikunja chini kama mkia wa kinyonga. Sykes, Sykes, Sykes, kushuka ukurasa mzima, kila mmoja mtoto wa mtu.

Baba wa baba mkwe alinisumbua wiki nzima. Familia inajua alizaliwa mwishoni mwa Desemba 1912, na mimi nikawa namtafuta 1912. Hayupo. Mama mkwe akaja na chai, akaangalia mabega yangu yalivyoinama, akasema nijaribu robo ya Machi 1913. Alikuwepo! Faharasa hufuata siku mtoto alipoandikishwa, si siku aliyozaliwa, na sheria iliwapa wazazi siku 42. Waliozaliwa mwisho wa robo wengi huangukia robo inayofuata. Kama una mtu unayemtafuta na hapatikani, sogea mbele robo moja kabla ya kukata tamaa.

Jambo lingine la kushika: kuanzia robo ya Septemba 1911, faharasa ya vizazi inaonyesha pia jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Kwenye bonde lenye akina Sykes wengi hivi, jina la mama ndilo linalokuambia huyu ni wa nyumba gani. Kwa ndoa, kuanzia 1912 unapewa jina la ukoo la mwenza. Kabla ya hapo unabonyeza namba ya ukurasa, unaona wote walioandikwa ukurasa huohuo, halafu unakisia nani alimwoa nani.

Lakini faharasa ni faharasa. Cheti chenyewe, chenye kazi ya baba na mahali walipoishi, unakinunua kwenye ofisi kuu ya usajili kwa kutumia juzuu na ukurasa ulioupata. Nilinunua kimoja, cha mtoto yule wa 1913. Kwenye safu ya kazi ya baba imeandikwa mfumaji wa sufu. Baba mkwe alipokisoma aliweka kidole juu ya neno hilo akakiacha hapo.

Sasa kuhusu jina lenyewe. Linatokana na neno la Kiingereza cha kale, sic, ndugu wa neno sik la Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia: kijito chembamba, au mfereji wa maji katika ardhi ya majimaji, ambao mara nyingi ulikuwa mpaka wa mashamba. Watu wa kaskazini bado wanalo neno hilo hadi leo. Mtu aliyekaa kando ya maji hayo akaitwa kwa maji hayo. Katika orodha za kodi ya kichwa za 1379, ambazo za West Riding, yaani upande wa magharibi wa Yorkshire, jimbo la Huddersfield, zimehifadhika vizuri, majina ya namna hii ya mahali yamejaa: wa kijitoni, wa msituni, wa kilimani. Kwetu pia mtu huweza kujulikana kwa mahali anapokaa, ila kwao likaganda, likashuka kwa watoto hata waliohama mahali penyewe.

Chuo Kikuu cha UCL cha London kiliwahi kutengeneza ramani za majina ya ukoo za Uingereza zikilinganisha sensa ya 1881 na mwaka 1998. Ukitazama Sykes kwa macho hayo, kiini ni kilekile: Huddersfield na mabonde yake, kisha Yorkshire magharibi, kisha rangi inapungua kadiri unavyoondoka. Zaidi ya miaka mia moja ya reli, vita na viwanda, na jina bado limekaa nyumbani kwake. Mimi naona sababu iko kwenye riziki. Familia za milima ile zilikuwa na kipande kidogo cha ardhi na kitanda cha kufumia ndani ya nyumba. Viwanda vilipokuja vikajengwa mtoni kulekule, mfereji wa Huddersfield ukakamilika 1811, reli ikapita chini ya mlima Standedge mwaka 1849. Kazi iliwafuata walipo. Waliovuka milima hawakwenda mbali: mchekeshaji Eric Sykes alizaliwa Oldham mwaka 1923, upande wa pili tu. Wengine walivuka bahari, na leo utakuta jina hili Marekani na Australia. Mchekeshaji Wanda Sykes, Mmarekani Mweusi, ni mzaliwa wa Virginia. Wasomaji wa Uarabuni wanalijua kwa machungu, kwa Sir Mark Sykes wa makubaliano ya Sykes-Picot ya 1916, ya Uingereza na Ufaransa kugawana nchi za Waarabu. Naye kwao ni Yorkshire, ila upande wa mashariki, Sledmere.

Je, wote hawa ni damu moja? Hapa pana utafiti ninaoupenda. Mwaka 2000 Bryan Sykes, profesa wa Oxford, pamoja na Catherine Irven, walichapisha matokeo ya vinasaba vya wanaume 48 wanaoitwa Sykes. Walipima kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume kama anavyompa jina. Wanaume 21 kati ya 48 walikuwa na mpangilio uleule, na mpangilio huo haukuonekana kwa majirani wa eneo hilohilo wenye majina mengine. Vitabu vilikuwa vimesema jina lilianza mahali pengi, maana vijito viko kila mahali. Damu ikaelekeza kwa mwanzilishi mmoja. Na wale 27? Watafiti walikokotoa kwamba ikitokea katika kila kizazi asilimia 1.3 tu ya watoto hawakuzaliwa na baba wa jina, basi miaka 700 inatosha kuleta tofauti hiyo. Vipimo vya wakati ule vilitumia alama 4 tu, vya sasa hutumia nyingi zaidi, lakini kwangu somo limekaa: karibu nusu wanatoka kwa babu mmoja, na waliobaki ni Sykes vilevile.

Mwezi wa nne tulimpeleka mtoto Slaithwaite, kijiji cha karibu na Huddersfield, ambako wenyeji wanaita "Slawit". Baba mkwe alitupandisha njia ya mawe hadi ukingo wa shamba, akatuonyesha kwa fimbo. Maji yalikuwa membamba kiasi kwamba mtoto aliyavuka kwa hatua moja. Majani yake yamelala upande mmoja, udongo mweusi, ukuta wa mawe yasiyo na saruji unayafuata mpaka chini. "Hii ndiyo syke," akamwambia. Mtoto akachutama, akachovya mkono, akautoa haraka kwa baridi, kisha akauchovya tena.

Na akina Sykes wa Kariakoo? Historia yao iko wazi kwa wanaoifuatilia. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa chama cha African Association cha Dar es Salaam mwaka 1929, alikuwa mtoto wa Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji aliyekuja na jeshi la Mjerumani Hermann von Wissmann. Sykes lilikuwa jina lake mwenyewe, mwanawe akafuatisha jina la baba kama tufanyavyo sisi, na wajukuu wakalibeba. Abdulwahid na Ally wakawa miongoni mwa waliounda TANU mwaka 1954, na vijana wa leo wanalijua kwa mwanamuziki Dully Sykes. Nyumba hiyo haikuanzia bonde la Huddersfield. Jina ni lile, shina ni jingine, na nilimweleza mwanangu hivyo kwa heshima ya pande zote mbili.

FreeBMD naipa nyota tano kwa mtu mwenye subira na mwenye wazee wa England au Wales. Scotland ina usajili wake, usiwatafute humo. Anza na mtu unayemjua mwaka wake, kaa na mzee wa familia pembeni, andika kila juzuu na ukurasa kwenye daftari. Ile karatasi ya ngao tumeiondoa ukutani, pameningʼinia cheti cha mfumaji.

Jumamosi tulimpigia mama Dar. Mtoto akamsimulia yote, kijito, kinyonga, Mbuwane. Mama akasema kesho atapita Kariakoo, je, amwambieje yule babu wa barazani? Mtoto akafikiri kidogo. "Mwambie si ndugu zetu, bibi. Mwambie ni wajina wetu. Na umpe shikamoo yangu."