Senene wa kopo kutoka Bukoba, mi nawapa nne kwa tano

Jamani hawa senene, wale panzi wa kuliwa, nimeagiza kwa dada mmoja anawaleta Dar na basi kutoka Bukoba, kopo dogo elfu kumi, bei imesimama kidogo ila ukikumbuka msimu ni wa mvua tu, mwezi wa 11 na 12 ndo wanajaa, unaelewa. Wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi tu, wakavu, ukitafuna wanalia kru kru afu utamu wa mafuta unakuja nyuma. Kunyonyoa ndo kalipua, nimekuta miguu miguu ile yenye miba inakwama kwenye meno, hapo nimekata nyota moja.

Wanaosema ni ushamba wa Wahaya shauri yao, FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ripoti yao ya 2013 ilisema watu kama bilioni 2 wanakula wadudu, na waliopima senene maabara wamekuta akiwa mkavu protini inapita theluthi ya uzito wake. Mafuta nayo mengi sana, kwa hiyo funika kopo vizuri wasichache.

Kama ukila kamba wa baharini wanakuvimbisha mdomo, hawa waache kabisa.