Glasi nne mezani: Jameson, Maker's Mark, Glenfiddich na Laphroaig

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo sijaja na chupa moja kama kawaida. Nina glasi nne hapa mbele yenu, zimekaa kwa mstari, na kila moja ina nusu toti tu, kama mililita 15 hivi. Kutoka kushoto: Jameson ya Ireland, Maker's Mark ya Kentucky kule Marekani, Glenfiddich ya miaka 12, halafu pale mwisho Laphroaig ya miaka 10. Hizo mbili za mwisho ni za Uskoti. Video hii ni ya watu wazima, na kama leo bado una safari ya kuendesha gari, itazame tu, glasi ziache hadi kesho.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: wiski ipi nzuri? Kwa muda mrefu nilikuwa najibu kwa kutaja jina la chupa. Siku hizi nasema, mimina mbili kwa pamoja. Pua haikumbuki vizuri ilichonusa juzi. Ukinywa Jameson leo na Glenfiddich wiki ijayo, zote utasema ni laini, basi, hapo umeishia. Ziweke jirani, nusa hii, rudi kwenye ile, na kabla ya dakika kumi kwisha utakuwa na maneno ambayo hukuwa nayo.

Maandalizi si makubwa. Tafuta glasi iliyotuna chini na kubana mdomoni, maana mdomo mpana unaiachia harufu itoroke. Kama huna, glasi ndogo ya mvinyo inatosha kabisa. Weka maji ya kawaida pembeni na kijiko cha chai. Barafu leo hapana. Sina ugomvi na barafu, ila baridi huifunga harufu, na leo tumekuja kunusa. Na unaponusa, usiizamishe pua ndani ya glasi, utachomwa na kilevi usisikie kitu kingine. Shikilia glasi chini kidogo ya pua, fungua mdomo kidogo, vuta taratibu. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako. Harufu yako mwenyewe unaijua, inarudisha pua mwanzo.

Haya, Jameson. Naanza nayo kwa sababu ndiyo nyepesi hapa mezani. Jameson hutoneshwa mara tatu: kinywaji kilichochachuka huchemshwa, mvuke wake hupozwa uwe kimiminika tena, kisha kazi hiyo hurudiwa mara mbili zaidi. Uskoti wengi huishia mara mbili. Kila mzunguko unaacha nyuma vitu vizito, ndiyo maana hii inapita kooni bila vita. Nanusa... maua, nafaka, na utamu mwembamba nyuma yake. Mdomoni nasikia kitu kama mafuta, kinateleza juu ya ulimi. Hiyo inatokana na desturi ya Ireland ya kuchanganya kimea na shayiri ambayo haijaoteshwa, vikapikwa pamoja kwenye chungu kikubwa cha shaba. Ndani ya Jameson wiski ya namna hiyo imechanganywa na ile nyepesi ya nafaka, kwa hiyo ule mteremko unaupata kwa mbali tu. Ukiupenda, ipo Redbreast ya miaka 12, ambayo yote ni ya chungu, na tofauti utaiona kwenye funda la kwanza.

Sasa tuhamie kulia. Maker's Mark. Mnaona ile nta nyekundu iliyotiririka shingoni mwa chupa? Ni wazo la Margie Samuels, mke wa Bill Samuels aliyeanzisha wiski hii, na hadi leo kila chupa huchovywa kwa mkono. Lakini nta tuiache, tuzungumzie pipa, maana video yote ya leo iko ndani ya pipa.

Maker's Mark ni burboni, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi. Sheria ya Marekani inataka burboni itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, na ikomazwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani. Shikeni hilo neno, vipya. Fundi anatia moto ndani ya pipa hadi uso wa mbao unageuka mkaa. Chini ya ule mkaa, sukari za mti zimeiva kama karameli, na lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mti, imevunjika na kutoa vanilini. Naam, ndiyo harufu yenyewe ya vanila. Kisha pombe inaingia. Kukiwa na joto inatanuka na kupenya kwenye mbao, kukiwa na baridi inarudi, mwaka baada ya mwaka, na kila inaporudi imebeba kitu.

Nusa hii mara tu baada ya Jameson. Vanila, karameli, na mbao, kama umefungua kabati jipya. Mdomoni ni tamu kwa sababu nyingine tena: burboni nyingi huweka nafaka ya rai pembeni ya mahindi, na rai ina ukali wa viungo. Hawa wameweka ngano, kwa hiyo ule ukali haupo. Halafu ina nguvu ya asilimia 45 wakati Jameson ina 40. Msidhani tofauti ya asilimia tano ni ndogo. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza kuishusha hadi 42 kwa sababu mzigo ulikuwa hautoshi, wanywaji wakalalamika kweli kweli, na ndani ya siku chache uamuzi ukafutwa. Mimi nipo upande wa wanywaji. Ukiinywa hii huku Jameson iko jirani, unaona uzito unaoujaza mdomo.

Neno moja kuhusu rangi. Hii ni burboni ya daraja linaloitwa "straight", haruhusiwi mtu kuitia rangi. Wekundu wote huu ni wa mbao. Uskoti sheria inaruhusu karameli ya kukolezea rangi, kwa hiyo usiipime wiski ya Uskoti kwa macho ukadhani nyeusi ndiyo kongwe.

Glenfiddich 12. Hii sitakaa nayo sana. Ni "single malt", maana yake ni wiski ya kimea cha shayiri kitupu, kutoka kiwanda kimoja. Haina maana ya pipa moja, wengi hukosea hapo. Yanachanganywa mapipa mengi, na ile 12 kwenye chupa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. William Grant alikijenga kiwanda hiki pamoja na wanawe huko Dufftown, na pombe ya kwanza ilitiririka siku ya Krismasi mwaka 1887. Harufu yake ni ya pea, lile tunda la jamii ya tofaa, pea bichi iliyokatwa sasa hivi, na ukishaambiwa huwezi kuacha kuisikia. Ni safi, ina adabu. Ila leo, baada ya Maker's Mark, naiona nyembamba. Ningependa wangeiacha na nguvu kidogo zaidi ya asilimia 40. Siku nikiinywa peke yake sisikii upungufu huo, na hiyo ndiyo faida ya kuziweka jirani.

Kunyweni maji. Nami nakunywa.

Laphroaig lazima iwe ya mwisho. Ukianza nayo, hizo nyingine tatu umeziua. Inatoka kisiwa cha Islay, kiwanda kipo pwani tangu 1815, na kuanzia 1954 kiliongozwa na mwanamke, Bessie Williamson, ambaye alirithishwa na mwenye mali baada ya kuingia pale kama karani. Wakati huo wanawake wenye viwanda vya wiski walikuwa wa kutafuta kwa tochi.

Moshi wake unatokana na piti. Piti ni mimea iliyolala katika maji ya kinamasi kwa maelfu ya miaka hadi ikawa kama udongo mweusi. Wanaikata, wanaikausha, wanaichoma, na moshi wake unapita katikati ya shayiri iliyochipua ikiwa bado mbichi. Moshi unaacha fenoli kwenye punje. Kwa hiyo mtu akiniambia Laphroaig inanuka hospitali, simbishii hata kidogo. Fenoli ndiyo ile ambayo daktari Joseph Lister alianza kusafishia vidonda katika miaka ya 1860. Pua yako imesema kweli.

Nanusa. Moshi, mwani uliotupwa ufukweni, bandeji. Funda la kwanza nalizungusha na kulimeza bila kuhukumu, hilo ni la kuuzoesha ulimi. La pili... majivu, chumvi, na kooni inabaki, inabaki, bado ipo.

Sasa sogeeni karibu, hapa ndipo nilipokuwa nawaleta. Nachota maji kwa kijiko, nadondosha tone moja. La pili. La tatu. Nainua glasi kwenye mwanga. Mnaziona zile nyuzi? Zinajikunja na kuteremka kama sukari inapoyeyuka kwenye maji ya moto. Subirini zitulie. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, waliiga kwa kompyuta mwendo wa molekuli ndani ya wiski, wakaangalia hasa gwayakoli, mojawapo ya vitu vinavyobeba harufu ya moshi. Pombe ikiwa kali sana, gwayakoli inazama katikati ya kimiminika. Ukiongeza maji, inapanda juu, karibu na hewa, karibu na pua yako.

Nanusa tena. Moshi umefunguka, hauchomi, umekuwa mpana. Na chini yake, sikilizeni, kuna vanila. Kuna karameli kidogo. Naishika glasi ya pili, naivuta. Narudi ya nne. Ni ndugu!

Na kweli ni ndugu. Kumbukeni lile neno, vipya. Burboni ikishatoka kwenye pipa, pipa hilo haliruhusiwi kukomaza burboni tena. Litaenda wapi? Linavuka bahari. Wenye viwanda wa Uskoti wanayanunua kwa maelfu, maana sheria yao inadai miaka mitatu kwenye mwaloni bila kudai pipa liwe jipya. Laphroaig kwa miaka mingi imekuwa ikichukua mapipa ya Maker's Mark yenyewe. Kwa hiyo ile vanila chini ya moshi ilianza safari Kentucky, ndani ya ubao, ikamngoja mgeni wa Islay. Mimi nilikunywa wiski hizi mbili kwa miaka kadhaa bila kulijua hilo, kwa sababu sikuwahi kuzimimina siku moja.

Ukishazizoea, jaribu kwa upofu. Bandika karatasi yenye jina chini ya kila glasi, mtu mwingine azivuruge, wewe unuse na kusema. Laphroaig utaipata hata ukiwa na mafua. Maker's Mark niliipata pia. Jameson na Glenfiddich nilizibadilisha mara ya kwanza, kisha nikajifunza kuitafuta ile pea, na tangu hapo sijazikosa.

Uamuzi wangu? Kama hujawahi kunywa wiski kavu, anza na Maker's Mark, ipe matone mawili ya maji, itakupokea vizuri. Jameson ni ya mazungumzo marefu, haikuombi uisikilize. Glenfiddich inunue ukitaka kujua kimea kinafananaje kabla moshi haujaingia. Na ukinipa moja tu nibaki nayo, nachukua Laphroaig, bila kufikiri mara mbili. Chupa zisimamishe wima, kilevi kikikaa kwenye kizibo kinakila, na ziweke mbali na jua. Wiski haikomai ndani ya chupa, ya miaka 10 itabaki ya miaka 10, lakini ikibaki robo na hewa ikawa nyingi, harufu huanza kulegea. Hiyo robo waite wenzako.

Glasi msizioshe bado. Hizi hapa nilizinywea jana usiku nikijiandaa kurekodi, ni tupu, zimekauka. Ya Jameson haina kitu tena. Ya Glenfiddich, nafaka kwa mbali. Naishika ya Maker's Mark... mbao tupu, mbao tamu. Na hii ya Laphroaig, majivu ya moto uliozimwa jana, halafu nikiisogeza zaidi, chini kabisa kwenye kitako cha glasi, ni ile ile mbao tamu.