Mashine ya vichwa sita au meza ya kukanyaga? Msimu wangu wa kwanza wa kubangua korosho

Nilichotekwa nacho ni kasi. Muuzaji aliwasha mashine ya umeme ya vichwa sita, kila kichwa na visu vyake, akamimina korosho, zikawa zinadondoka zimeshapasuka, taa-taa-taa. Meza ya kukanyaga kwa mguu nikaiona ya kizamani. Sikugundua kwamba korosho zake za maonyesho zote zilikuwa za umbo moja.

Za shambani kwetu Newala hazipo hivyo. Ndoo moja ina kubwa, za wastani na vitoto vyake. Siku ya kwanza nilihesabu korosho 100 zilizopita kwenye mashine: zilizotoa kiini kizima zilikuwa 51. Nyingine zilikatwa pamoja na kiini, nyingine zilichubuliwa tu ganda. Mama mdogo akachungulia sinia: "Mwanangu, hizi umebangua au umetwanga?"

Tatizo ni kwamba visu vinategwa kwa nafasi moja. Korosho nene inachanjwa hadi kiini, nyembamba inapita. Ikabidi fundi anitengenezee machekeche matatu ya matundu tofauti, nami nachambua kwanza, natega visu kwa spana, najaribu korosho kumi, ndipo namwaga kundi zima. Kubadili kutoka kundi hadi kundi kunanila kama dakika 20. Hilo dukani halikutajwa.

Mvuke nao una lake. Nachemsha korosho kwa mvuke, kisha nazitandaza zipoe usiku kucha, ganda likakamae na kiini kiachane nalo. Siku moja niliharakisha nikazitia zingali vuguvugu. Ganda likajikunja kama mpira, visu vikajaa uchafu.

Mafuta ya ganda msiyachezee. Glavu ilitoboka nisijue, kidole kikachubuka wiki nzima. Sasa najipaka mafuta ya nyonyo kabla ya kuvaa glavu, na visu navifuta kila jioni, maana nikilala navyo vichafu asubuhi vimegandiwa na kitu kama lami. (Bibi alikuwa akikaanga kwenye kipande cha debe na kugonga kwa jiwe. Moshi wake ulitukimbiza watoto wote.)

Baada ya kuchambua, kundi la kubwa sasa linanipa nzima 80 na kitu kwa mia. Vitoto nimekata tamaa kuviingiza mle. Navipeleka kwenye meza ya kukanyaga niliyoazima kwa jirani: unaweka korosho kati ya visu viwili vilivyopinda, unakanyaga, unavuta mkono wa chuma, ganda linaachia. Moja moja, kweli, lakini jicho lako ndilo linaloamua, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Nahangaikia nzima kwa sababu bei iko huko. W320 ni daraja la viini vizima: viini 300 hadi 320 kwa ratili moja, yaani gramu 454. W240 ni vikubwa zaidi na bei yake iko juu. Kikishapasuka ni kipande, hata kingetoka kwenye korosho kubwa namna gani.

Mwenye magunia machache ningemwambia anunue meza mbili na machekeche, mashine ya vichwa aisubirishe. Yangu siiuzi, tumeshazoeana. Ila kabla ya kulipa ulizeni visu vya akiba vinapatikana wapi. Mimi nimeagiza Dar, bado vinakuja, na kichwa cha nne nimekiziba kwa kipande cha bati.